Kusoma Ramani za Majengo ya Kale kwa Simu: Somo kwa Wanafunzi, Walimu na Mafundi wa Subukia

Jikoni kwa mama yangu kuna mlango unaotazama juu mlimani. Haukupaswa kuwa hapo. Siku ya kupima msingi, fundi aliishika ramani juu chini, nasi watu wa nyumbani, wote tukiwa tumesoma, tulisimama kando yake tukikubali kwa kichwa. Ramani ilikuwa sahihi. Hakuna aliyeisoma. Tangu siku hiyo, mvua ya masika inapoteremka na mteremko, maji hupitia jikoni kwanza kabla ya kwenda mtoni, na tumechimba mtaro mara tatu.

Kisa kama hiki si kigeni katika bonde letu. Wengi wetu hulipia ramani ya nyumba, tukaikunja, tukaiweka kabatini pamoja na hatimiliki, kisha tukamwachia fundi kila kitu. Mtoto wa sekondari msingi hufundishwa kuchora mbao na masanduku katika masomo ya ufundi, lakini ukimwekea mbele ramani ya jengo la kweli, huona mistari tu. Karatasi ni bapa, jengo lina kimo. Kati ya hayo mawili kuna hatua ambayo lazima mtu aipige akilini.

Siku hizi kuna teknolojia inayomsaidia mwanafunzi kupiga hatua hiyo. Inaitwa uhalisia ulioongezwa. Mwanafunzi anaielekeza kamera ya simu kwenye mchoro, na jengo linaonekana kwenye kioo likiwa limesimama juu ya karatasi. Akizunguka meza, analiona ubavuni na nyuma. Toleo hili linaeleza jinsi ya kuitumia darasani kwa michoro ya majengo ya kale, kwa mifano ya hapa kaunti ya Nakuru na ya pwani. Linaeleza pia mahali simu inapoweza kumdanganya mwanafunzi, kwa maana hapo ndipo somo lilipo.

Mchoro unasema nini

Kabla ya kuitoa simu mfukoni, mwanafunzi ajue aina tatu za michoro.

Ya kwanza ni ramani ya sakafu. Fikiria umeikata nyumba kwa kisu kilicholala, kama mita moja hivi juu ya sakafu, ukaondoa sehemu ya juu, kisha ukatazama ndani kutoka angani. Kuta zinaonekana kama mistari minene, na milango kama mapengo.

Ya pili ni mwonekano. Huo ni uso wa jengo kama mtu aliyesimama nje anavyouona, mbele, nyuma au ubavuni. Hapa ndipo kimo cha kuta na umbo la paa hujulikana.

Ya tatu ni mkato. Jengo limekatwa wima kama mkate, ukaona kilicho ndani: unene wa sakafu, kina cha msingi, ngazi, dari. Kwa jengo lililo kwenye mteremko, kama mengi ya Subukia, mkato ndio unaoonyesha ardhi inavyopanda na kushuka.

Kisha kuna skeli. Kwa skeli ya 1:100, sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 1 ardhini. Kwa 1:50, sentimita 2 ni mita 1. Michoro ya enzi za ukoloni mara nyingi ilitumia futi na inchi, na skeli iliyozoeleka ilikuwa inchi moja ya nane kwa kila futi, yaani 1:96. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ukuta wa mita 12 huchorwa sentimita 12.5 kwa skeli hiyo. Ukiusoma kana kwamba ni 1:100, utasema ni mita 12.5. Umekosea nusu mita, na mlango mzima unaweza kukosa mahali.

Jambo jingine: mchoro ukitolewa fotokopi au ukipigwa picha, ukubwa wake hubadilika, na ile namba ya skeli iliyoandikwa pembeni haifai tena. Tafuta mstari wa kipimo uliochorwa chini ya ramani, ule wenye alama za mita au futi. Huo hupungua na kuongezeka pamoja na mchoro, kwa hiyo hausemi uongo.

Simu inafanya nini

Simu haielewi jengo. Kinachofanyika ni hiki. Kwanza, mtu hutengeneza umbo la jengo kwenye kompyuta, akifuata vipimo vya mchoro. Programu ya Blender ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti ikishawekwa kwenye kompyuta. SketchUp nayo ina toleo la bure linalotumika kupitia intaneti. Pili, umbo hilo huunganishwa na alama fulani kwenye karatasi. Tatu, kamera ya simu huitafuta alama hiyo, huku vihisi vya simu vikipima jinsi ulivyoishika na unavyoisogeza. Programu hupiga hesabu ya mahali karatasi ilipo na kuchora jengo juu yake, mara nyingi kila sekunde, hivyo jengo huonekana limetulia hata ukitembea.

Kutokana na hayo tunapata kanuni tatu za darasani. Karatasi iwekwe mahali penye mwanga na isiwe ya kung'aa. Michoro ya mistari mitupu huichanganya kamera, maana kona moja hufanana na nyingine, kwa hiyo chapisha alama nyeusi yenye umbo la pekee na kuibandika pembeni mwa ramani. Na si kila simu ina uwezo huu. Google huchapisha orodha ya simu za Android zinazokubali mfumo wake uitwao ARCore. Angalia orodha hiyo kabla ya kuwaahidi wanafunzi. Simu moja kwa kikundi cha wanafunzi watano au sita inatosha.

Mfano wa nyumbani: mashimo ya Hyrax Hill

Kutoka Subukia hadi Hyrax Hill, karibu na jiji la Nakuru, si safari ya siku nzima. Mary Leakey alichimba hapo mwaka wa 1937 na 1938, na mwaka wa 1943 mahali hapo pakatangazwa kuwa mnara wa kitaifa. Leo ni eneo la makumbusho chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Kati ya vitu vinavyoonekana hapo ni mabonde madogo ya mviringo ubavuni mwa kilima, yanayojulikana kama mashimo ya Wasirikwa. Yanapatikana pia sehemu nyingine nyingi za nyanda za juu za Bonde la Ufa na magharibi yake. Kwa kawaida shimo moja huwa na upana wa kati ya mita 10 na 20. Hakuna ukuta uliosimama kwa kimo chake wala paa. Kilichobaki ni umbo ardhini, mawe, na michoro ya wachimbaji.

Sasa, mashimo haya yalikuwa nini? Kwa miaka mingi walowezi, na hata baadhi ya wachunguzi, waliamini kwamba watu waliishi humo, katika nyumba zilizochimbwa ardhini. Hata shuleni wengine wetu tulisimuliwa hivyo. Baadaye mwanaakiolojia John Sutton, ambaye kitabu chake kuhusu nyanda za magharibi mwa Kenya kilichapishwa mwaka wa 1973, na ambaye alichimba tena Hyrax Hill katika miaka ya 1980, alionyesha maelezo mengine. Shimo lenyewe lilikuwa zizi la ng'ombe. Lilichimbwa ndani ya mteremko, likazungushiwa ua, na lango likawa upande wa chini. Nje ya lango kukawa na lundo la samadi na taka zilizotolewa zizini. Watu waliishi katika nyumba ya mviringo iliyounganishwa na zizi, na mlango wa nyumba ulifungukia zizini. Mwizi wa ng'ombe hakuwa na njia ya kupita bila kuamsha wenyewe. Mazizi ya aina hii yalitumika takribani kati ya karne ya 12 na ya 18.

Hebu fikiria simu hizi zingekuwapo miaka ya 1930. Fundi wa kompyuta angechukua ramani iliyopimwa vizuri, akaweka paa juu ya shimo, akaweka moto na watu ndani yake. Wanafunzi wangeliona, wangelipenda, na wangetoka darasani wakiwa na uhakika wa jambo ambalo si kweli. Mistari ya mchoro ingekuwa sahihi kabisa. Kosa lingekuwa katika kile kilichoongezwa juu yake.

Hili ndilo jambo kuu la somo hili. Mchoro wa kale huonyesha kilichopimwa. Jengo linaloinuka kwenye simu huonyesha kilichopimwa pamoja na kilichokisiwa, na macho hayawezi kuyatofautisha hayo mawili. Ni kazi ya mwalimu kuyatenganisha.

Wengine wamefanyaje

Pwani ina mfano mzuri wa kusoma jengo kutokana na ramani tu. Katika mji wa kale wa Gede, kaunti ya Kilifi, ambao James Kirkman alianza kuuchimba mwaka wa 1948 na ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka wa 2024, vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba. Ukiangalia ramani peke yake utajiuliza kwa nini tajiri wa pwani alibanwa hivyo nyumbani kwake. Jibu liko juu, mahali ambapo ramani haionyeshi. Dari nzito ya mawe na chokaa ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa. Upana wa chumba uliamuliwa na mti. Mwanafunzi akiinua dari hiyo kwenye simu na kuhesabu boriti, ataelewa mara moja jambo ambalo maelezo ya ubaoni huchukua kipindi kizima.

Kilwa Kisiwani, Tanzania, kuna jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane. Peter Garlake, aliyesomea usanifu majengo kabla ya kuwa mwanaakiolojia, alichapisha mwaka wa 1966 kitabu chenye michoro ya majengo ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki. Miaka mingi baadaye, watafiti wa Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipima magofu ya Kilwa kwa mashine za leza, ambazo hutuma mwanga ukutani na kupima umbali wa mamilioni ya nukta. Michoro ya mkono na vipimo vya leza vikiwekwa pamoja, mwanafunzi anaweza kuona ni ukuta gani umeanguka tangu ulipochorwa.

Hapa Kenya, kikundi cha Museum of British Colonialism pamoja na shirika la African Digital Heritage, lililoanzishwa na Chao Tayiana Maina, wametengeneza kwa kompyuta maumbo ya kambi ambazo serikali ya kikoloni iliwafungia watu wakati wa vita vya Mau Mau. Mojawapo ni ya Mweru, kaunti ya Nyeri, mahali ambapo leo ni shule. Waliunganisha hati za kumbukumbu, ziara za mahali penyewe na maelezo ya wazee waliofungwa humo. Kwa majengo kama hayo, mzee anayekumbuka lango lilikuwa wapi ni chanzo cha habari sawa na karatasi. Hata Subukia tuna wazee wanaokumbuka majengo ya mashamba ya walowezi yaliyobomolewa. Mwanafunzi aende kwa babu na nyanya akiwa na mchoro mkononi, awaulize kabla hajagusa kompyuta.

Somo lenyewe: vipindi viwili

Vifaa: karatasi, rula, bikari, kamba ya mita 6, vigingi, jivu, na simu moja kwa kikundi. Vipimo vilivyo hapa ni vya zoezi, si vya shimo fulani la Hyrax Hill.

Hatua ya 1. Kila mwanafunzi achore kwa skeli ya 1:100 zizi la mviringo lenye upana wa mita 12, yaani duara la sentimita 12. Aonyeshe lango la mita 2 upande wa chini wa mteremko na nyumba ya duara yenye upana wa mita 4 iliyoshikamana na zizi.

Hatua ya 2. Achore mkato wa zizi hilohilo, ardhi ikiteremka, upande wa juu ukiwa umechimbwa mita 2 kwenda chini.

Hatua ya 3. Tokeni uwanjani. Pigeni kigingi, fungeni kamba ya mita 6, mzunguke mkimwaga jivu. Mmoja asimame langoni, mwingine mlangoni mwa nyumba. Wapime kwa hatua. Eneo la zizi ni takribani mita 113 za mraba. Tukimpa kila ng'ombe mita 4 za mraba, linaweza kubeba ng'ombe 28.

Hatua ya 4. Sasa toeni simu. Elekezeni kamera kwenye mchoro na mtazame umbo lililotayarishwa na mwalimu. Hapa kuna sharti moja: sehemu zilizopimwa ziwe za rangi ya udongo, na sehemu zilizokisiwa, kama kimo cha ua na umbo la paa, ziwe za rangi ya samawati. Mwanafunzi akiona samawati, ajue kwamba hapo mtu amekisia.

Hatua ya 5. Kila kikundi kitafute jambo moja kwenye simu ambalo haliko kwenye mchoro, na jambo moja kwenye mchoro ambalo simu haionyeshi. Waandike yote mawili.

Hatua ya 6. Zimeni simu. Kila mwanafunzi achore kwa mkono, bila msaada, mwonekano wa zizi kutoka langoni. Hiki ndicho kipimo cha kama ameelewa. Aliyeweza kutazama tu simu ikiwaka, hajajifunza bado.

Shule isiyo na simu yenye uwezo huu isikae nyuma. Hatua ya 1, 2, 3 na 6 hazihitaji umeme. Badala ya hatua ya 4, tengenezeni umbo la zizi kwa udongo wa mfinyanzi au boksi la katoni juu ya mchoro wenyewe. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi anaweza kufanya hivyohivyo kwa ramani ya nyumba ya vyumba viwili, akianza na swali ambalo sisi hatukuuliza nyumbani: kaskazini iko wapi kwenye karatasi hii, na maji yatatoka upande gani?

Mambo ya kuchunga

Usinyooshe mchoro wa kale kwa pasi, usiubandike selotepu, wala usiandike juu yake kwa kalamu ya wino. Upige picha ukiwa umetandazwa, kamera ikiwa juu yake moja kwa moja, na uweke rula pembeni ili kipimo kijulikane. Kisha fanyia kazi nakala.

Usiondoe jiwe wala kipande cha chungu mahali pa kale. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya mwaka wa 2006 inalinda maeneo hayo, na jiwe likisogezwa, mchoro uliopimwa miaka 80 iliyopita hauwezi tena kuthibitishwa. Wanafunzi wakizuru, wapime kwa macho, kwa hatua na kwa kamera.

Ramani ya nyumba ya mtu anayeishi humo isisambazwe bila ruhusa yake. Inaonyesha kila mlango na kila dirisha.

Maswali ya kujipima

1. Ukuta una urefu wa sentimita 7.5 kwenye ramani ya skeli ya 1:50. Una mita ngapi ardhini?
2. Kwa nini ramani ya sakafu peke yake haiwezi kukuambia sababu ya vyumba vya Gede kuwa vyembamba?
3. Taja jambo moja kuhusu mashimo ya Wasirikwa lililopimwa, na moja lililokisiwa.
4. Umepewa fotokopi ya mchoro wa mwaka wa 1938. Utatumia namba ya skeli au mstari wa kipimo? Eleza.
5. Nyumbani kwenu kuna ramani ya nyumba? Iombe kwa wazazi, simama nayo mlangoni, na uigeuze hadi ilingane na nyumba. Umeigeuza mara ngapi?

Jibu la swali la kwanza ni mita 3.75. La tano kila mtu atajibu nyumbani kwake. Sisi tulilijibu tukiwa tumechelewa, ukuta ukiwa umefika kwenye linta.